Manseba, ninunue pikipiki gani?

Musomaji mupenzi, jamaa nyingi za huku kwetu, kuanzia Kipushi mpaka Kolwezi, ziko na mutoto ngambo. Mumoja iko Johannesburg, mwengine Bruxelles, mwengine Liège. Sisi wazee tumezoea kuulizwa mambo ya ndoa, ya matanga, ya kiwanja chenye ndugu wanagombania. Lakini siku moja unaweza kuulizwa neno lenye hakuna mutu katika ukoo amekwisha kuulizwa mbele yako. Mimi niliulizwa neno la pikipiki.

Mwenye kuuliza ni mutoto wa dada yangu. Anakaa Liège tangu mwaka 2016, na anatumika usiku kwenye kiwanja cha ndege za mizigo, pale Bierset. Ananiita manseba, kwa kuwa mimi ni ndugu ya mama yake. Ninajua utacheka: siku hizi mu Lubumbashi ukiita "manseba!" pembeni ya njia, hakuna mujomba anayekuja, ni kijana wa taksi-moto ndiye anasimama na kukuuliza unaenda wapi. Basi mimi niko manseba wa namna ya kwanza. Namna ya pili ninaijua kwa mikono, maana miaka 31 nilikuwa ajusteri katika atelye ya migodi, na kisha pansio nilifungua garaji kidogo nyuma ya nyumba. Pikipiki za vijana wale ninazijua mpaka ndani ya mifupa.

Kijana alikuwa ameweka feza yake mwaka muzima. Akaniambia kwa simu: "Manseba, niko kati ya Honda mbili. Moja ni CBR650R ya mwaka 2019. Ingine ni CBR600RR ya 2008. Bei yake ni karibu sawa. Weye unasema nini?" Siku hiyo hiyo, jioni, dada yangu naye alinifikia nyumbani, akakaa, hata chai hakunywa. "Ndugu yangu, umukataze. Umwambie aachane na hivyo vitu. Mimi niko na mutoto mwanaume mumoja tu."

Hapa njo ninataka tuongee, wewe na mimi. Kukataza ni kazi rahisi. Lakini ni kijana wa miaka 27, anajilipia nyumba, tena ni yeye anatuma minervali ya dada yake mudogo kwenye iniversite. Ukimukataza atakuitika "ndiyo, manseba", na kesho atanunua ile yenye roho yake inapenda, na hatakuuliza tena hata neno moja. Mimi niliona ni afazali aendelee kuniuliza. Tena nilikuwa na bahati: mwaka ule wa 2024 nilipaswa kwenda Ubelgiji miezi miwili juu ya macho yangu. Nikamujibu: "Ungoje nifike. Pikipiki haichaguliwe kwa picha."

Kweli, kwa picha zile mbili ni mapacha. Zote mbili ni nyekundu, zote zina nguo ya plastiki mbele, zote zina silinda 4 zilizopangwa mustari mumoja. Mutu asiyejua ataona tu kwamba moja iko na herufi R moja na ingine iko na R mbili. Lakini hazikuzaliwa kwa kazi moja.

Nikuelezee kidogo habari ya ukoo wao. Mwaka 1987 Honda ilitoa CBR600F. Ile ilikuwa pikipiki ya kazi zote: Siku ya Mungu iko mu mashindano, Siku ya Kwanza inapeleka mwenyewe kazini. Kisha watengenezaji wakaanza kushindana kati yao, kila mumoja akitaka ile yenye kushinda pisti, na mwaka 2003 ikatoka CBR600RR. Hiyo ilikatwa kwa kipimo cha pisti, na wale wa barabara wakapewa taa na vioo tu ili polisi isiwasumbue. Moteri yake ilikuwa muzuri mpaka mashindano ya dunia ya Moto2 yaliitumia, pikipiki zote moteri moja, tangu 2010 mpaka 2018. Huko Ulaya sheria ya moshi ilipokazwa mwaka 2017 iliondoka katika maduka, na mwaka 2024 ilirudi ikiwa imetengenezwa upya. CBR650R ilifika mwaka 2019. Ni mutoto aliyefuata baba wa zamani, ule wa kazi zote.

Tulienda kwanza kuona 650. Nilipanda. Mugongo uliinama kidogo, sawa mutu anayeinama kuchukua ndoo, magoti yalipata nafasi, mikono haikulia. Siku ya pili tukaenda kuona 600. Eh, ndugu! Tako juu, kichwa chini, na uzito wote wa kifua unakaa juu ya vifundo vya mikono. Bomba la moshi linapita chini ya kiti na kutokea nyuma, pale pale mutu wa pili angekaa. Kijana aliniangalia, akangoja nitukane. Sikutukana. Kukaa namna ile kuna sababu yake. Ukiwa mu pisti, mwendo wa kilometa 180 kwa saa, upepo unakusukuma kifua na kukubeba, na mikono inakuwa myepesi. Ukifunga freni kwa nguvu, kifua kiko mbele, gurudumu la mbele linakamata udongo. Lakini ndani ya muji upepo wa kukubeba uko wapi? Bruxelles muzima, isipokuwa barabara kubwa kubwa, ni kilometa 30 kwa saa tangu Januari 2021. Kwa mwendo ule kifua chako kinabebwa na vikono vyako viwili, kutoka taa nyekundu mpaka taa nyekundu.

Sasa moteri. Hapa nitataja hesabu kidogo, lakini hesabu hizi zinasema kitu. Ile 600 ya 2008 iko na farasi karibu 120, na 650 iko na 95. Kijana yeyote atasema: 120 inashinda 95, tumemaliza. Hapana. Angalia nguvu ya kuvuta, ile yenye mafundi wanapima kwa nyutoni-meta. Moja iko na 64, ingine iko na 66. Ni sawa na sawa! Tofauti ni pale nguvu ile inapatikana. Ndani ya 650 inafika kamili wakati moteri inazunguka mara 8,500 kwa dakika. Ndani ya 600 lazima upite mara 11,000, na farasi zake zote hazifiki mbele ya 13,500. Chini ya hapo inalala.

Wewe uliyetumika mugodini utanielewa upesi. Kuna winchi na kuna vantilateri. Winchi inabeba muzigo tangu imesimama. Ukiigusa tu, kamba inakaza. Vantilateri haifanyi kitu mpaka ipate mwendo wake, na kisha kupata mwendo inavuma kama zoruba. Mutu hasemi winchi ni nzuri kuliko vantilateri. Anauliza: mbele yangu kuna muzigo ao kuna moshi? Mbele ya kijana wangu kulikuwa nini? Kulikuwa kilometa kadiri 10 kutoka nyumba mpaka Bierset, taa nyekundu, basi, mvua, na kurudi saa 12 ya asubuhi macho yamejaa usingizi. Ile 600, gia yake ya kwanza peke yake inaweza kupita kilometa 100 kwa saa. Fikiri: kwa autoruti ya Ubelgiji hawaruhusu kupita 120. Ni sawa kununua nyumba ya vyumba sita na kukaa mu kipito.

Jambo lingine ni baridi, na hili watu wa Katanga tunalisahau, sisi tunaosema Julai kuna baridi. Mipira yenye vijana wanapenda kuweka juu ya pikipiki za pisti, ile yenye michoro michache, haikamati mpaka ipate moto. Mu pisti wanaivika hata blanketi za umeme mbele ya kuanza. Sasa weka mupira ule barabarani, Novemba, saa 12 asubuhi, majani ya miti yameanguka na kulowana juu ya lami. Utaanguka kwa mwendo wa kinga. Unaweza kubadilisha mipira, ni kweli, na watu wengi wanafanya vile. Lakini freni? Ile 600 ya 2008 haikuwa na ABS. Honda iliiwekea mwaka uliofuata. Huko Ulaya tangu 2017 kila pikipiki mupya iliyopita 125 lazima iwe na ABS, maana yake kichwa kidogo cha umeme kinachozuia gurudumu lisifungwe kabisa ukishikwa na woga. Mutu aliyetumika usiku kucha anashikwa na woga upesi. Mimi kwa upande wangu, hapo njo mizani ililala. Farasi si kitu.

Ngoja nikuambie vile tuliikagua ile 600, kwani hii inaweza kukusaidia hata wewe unayenunua pikipiki ya mutu pale Kenya ao Mzee Kabila. Mwenyewe alikuwa mutu wa heshima, alitupa kahawa. Alisema pikipiki ilipelekwa kazini tu, na matembezi ya Siku ya Mungu. Ilikuwa safi, inang'aa. Safi sana, na hiyo njo ilinifanya niiname. Nguo ya mbele ilikuwa mupya kuliko mashini yenyewe. Kuweka nguo mupya si zambi, lakini swali linazaliwa: ya zamani ilienda wapi? Nikaangalia vyuma vya kukanyaga: ncha yake ya chini imelika, upande wa kuume na wa kushoto. Barabarani hulalishi pikipiki mpaka chuma kile kiguse lami. Nikaangalia ncha za ekseni za magurudumu: mikwaruzo. Mwisho nikaomba taa, nikalala chini kabisa na suruali yangu ya safari, nikatafuta buloni ya kumwagia mafuta ya moteri. Kichwa chake kilikuwa kimetobolewa kitobo kidogo, kadiri ya sindano ya viatu.

Ukiona kitobo kile, ujue. Mu pisti hawakubali mafuta yamwagike, kwani mwenye kufuata nyuma ataanguka. Basi wanatoboa kichwa cha buloni na kuifunga kwa waya, isifunguke. Hakuna mutu anatoboa buloni ile juu ya kwenda kazini. Nilimuonyesha kijana kwa kidole, bila kusema. Mwenye kuuza aliona, akacheka kidogo, akasema ni yule aliyemuuzia. Inawezekana. Sikumuita mwongo, na sisi hatukumaliza kahawa.

Njiani kurudi kijana alinyamaza sana. Nilifikiri ni juu ya pikipiki. Tulipofika kwenye daraja la Meuse akasema: "Manseba, weye unafikiri minataka kujionyesha. Hapana. Usiku muzima ninapanga makarto. Asubuhi ninalala, simu inalia. Mwaka jana rafiki moja alinipeleka Mettet, akanikopesha pikipiki yake nusu saa. Mule ndani hakuna mutu anaweza kukuita. Hakuna simu ya kuomba kitu. Ni weye na kona yenye inakuja. Nilitoka pale kichwa kimeoshwa." Sikujibu. Simu zile ninazijua, nyingine zinatoka nyumbani kwetu.

Basi, musomaji, swali lilikuwa limebadilika. Tulikuwa tunauliza pikipiki gani, kumbe yeye alikuwa na hitaji mbili: kufika kazini muzima, na kupata siku moja moja pahali ambapo mutu hamuite. Na hitaji hizi mbili mashini moja ya pisti hazitoshelezi, kwa sababu itamutesa siku 200 kwa mwaka ili imufurahishe siku 3.

Tulikaa na karatasi. Huko Ubelgiji pisti ziko: Mettet, ndogo na yenye kona nyingi, Zolder, kilometa 4, na Spa-Francorchamps, kilometa 7, mu milima ya Ardennes, karibu na Liège, pahali ambapo mashindano ya pikipiki ya masaa 24 yalirudia mwaka 2022. Siku zingine wanafungua pisti kwa mutu yeyote anayelipa, na wanagawanya watu kwa vikundi, wapole na wapole, wakali na wakali. Hawaulize kama pikipiki yako iko na R moja ao mbili. Unafunika taa na vioo kwa skochi, unavaa nguo ya ngozi kamili, unaingia. Mara nyingi mwenye kujua pisti juu ya mashini ya farasi 95 anamupita mwenye kujivuna juu ya farasi 120. Jambo moja la kuangalia: asiransi ya barabara mara nyingi haifunike ajali ya pisti. Soma karatasi mbele, na si kisha kuanguka. Na kama siku moja pisti inakuwa ugonjwa kabisa, wanaume wengi kule wananunua 600 ya zamani, wanaondoa taa, wanaondoa plaki, wanaibeba juu ya remorki. Hiyo njo nyumba yake ya kweli, na ile yenye buloni yenye kitobo ingefaa hapo, kwa bei ingine.

Kuna pia neno la permi, kwa wewe uliye na mutoto mudogo kuliko wangu. Ulaya kijana akianza na permi ya A2, haruhusiwe kupita kilowati 35. Pikipiki kubwa inaweza kupunguzwa nguvu ifike pale, lakini sheria inakataza kupunguza ile iliyozaliwa na zaidi ya mara mbili, maana yake kilowati 70. Sasa CBR650R ina kilowati ngapi? Ni 70 kamili. Si bahati, ni hesabu ya watu wenye akili. CBR600RR inapita 85, hakuna kuipunguza. Kwa hiyo mutoto wa A2 akikuambia ananunua 600RR "iliyopunguzwa", mwambie arudie kusoma.

Ninasikia mwengine wa Kolwezi ananiuliza: na hapa kwetu? Nimekwisha kuona moja pale, ya pisti, mwenyewe alipata feza ya haraka kwa mawe. Mashini yenye inataka lami laini kama meza na mafuta safi, inapewa vumbi, dodani, na mafuta ya chupa ya kwa Kadafi. Nilihesabu: kutoka mulango wa lupango mpaka lami alishuka mara mbili na kuisukuma. Watoto walikuwa wanamufuata wakiimba. Kwa kazi ya hapa, ile 125 ya manseba yenye unaidharau itaizika.

Kijana alichukua 650. Sikumulazimisha, alirudi mwenyewe siku ya nne, akaomba kuendesha, akazunguka nusu saa, akarudi akisema mikono yake haiumi. Alipunguziwa bei kidogo juu ya cheni iliyochoka, na feza ile iliingia katika kaske nzuri, glavu, na viatu vyenye kufunika kifundo. Cheni tuliibadilisha sisi wawili mu parkingi ya nyumba yake, kwa baridi, mimi nikishika taa na yeye akifunga, kama vile wajomba wanapaswa kufanya.

Mwezi wa tano wa 2025 alilipa siku moja ya Zolder. Alinitumia sauti kwa simu, anacheka mpaka hawezi kusema: mama mumoja wa nywele nyeupe, juu ya 600 ya zamani, alimupita mara tatu katika kona moja ile ile. Anataka kurudi ajue vile yule mama anashika kona.

Dada yangu alisikiliza sauti ile mara mbili bila kucheka. Lakini siku hizi haulize tena kama mutoto ameuza pikipiki. Kila Siku ya Posho anamuuliza kama mvua inanyesha huko, na kama inanyesha, kijana anamujibu kwamba leo amepanda basi.